Waliovuka Ziwa kwa Silaha

Usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili 1965, chombo cha injini kiliondoka Kigoma kimyakimya na kuelekea magharibi, kimepakia watu wasiozidi kumi na watano, wengi wao weusi wa rangi lakini wageni wa lugha, waliokuwa wamefika mjini kwa njia ndefu ya barabara kutoka Dar es Salaam; na miongoni mwao alikuwamo Mwargentina mmoja wa miaka 36, tabibu kwa elimu na waziri wa viwanda wa Kuba kwa cheo alichokuwa amekiacha punde, ambaye magazeti ya dunia yalikuwa yakiulizana yuko wapi, ilhali yeye amenyoa ndevu na kupita katikati ya watu kwa jina jingine. Kulipopambazuka walikuwa Kibamba nchini Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mahali ambapo milima huteremka wima mpaka majini. Huko Ernesto Che Guevara aliitwa Tatu, kwa kuwa wenzake wawili walikwisha kupewa majina ya Moja na Mbili, akaanza kazi iliyomleta: kuingia kwa silaha katika nchi isiyo yake, kuwasaidia watu wa nchi hiyo kuiangusha serikali iliyowatawala.

Miezi saba haikutimia barabara kabla hajarudi Kigoma kwa maji yale yale, usiku vilevile, ameshindwa. Na kisha, akiwa amejificha katika ubalozi wa Kuba mjini Dar es Salaam, aliandika juu ya safari ile kumbukumbu ambazo tangu mwanzo wake hazimfichi msomaji kwamba ni habari ya kushindwa. Basi ikiwa mhusika mwenyewe amekwisha kukiri, yamkini mtu ataona kwamba shauri limekatwa na faili limefungwa. Rai yetu ni kinyume cha hayo. Hatima ya jeshi liingialo nchi ya watu haijulikani siku linapoondoka, wala mwaka unaofuata. Na mahali pa kuipima kwa insafu si katika mji mkuu wa walioshinda wala wa walioshindwa, bali ni katika mwambao kama huu wa Kigoma na Ujiji, ambao kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja umekuwa mlango wa wanaokwenda kupigana na kizingiti cha wanaokimbia mapigano. Mvuvi wa Kibirizi, ufuoni Kigoma, hakadirii mali yake kabla dagaa hawajaanikwa mchangani wakakauka, maana wabichi ni wazito kwa maji, na mvua moja ya ghafla yaweza kuwaozesha wote; lakini madola, hata yale yajivuniayo elimu, aghalabu hupiga hesabu ya vita wakati dagaa wangali wakichuruzika maji.

Tuanze na vita vilivyohesabiwa kuwa ni ushindi mtupu. Reli ya kati ilikuwa imefika Kigoma Februari 1914, na Wajerumani, walioitawala Tanganyika, walikuwa na nguvu ziwani kuliko jirani zao Wabelgiji wa Kongo. Vita vikuu vilipozuka Ulaya, meli yao Hedwig von Wissmann iliwahi tarehe 22 Agosti ya mwaka ule kuilemaza meli ya Wabelgiji iliyokuwa kwenye mlango wa mto Lukuga, na tangu hapo ziwa zima likawa mikononi mwao. Jibu la Waingereza lilikuwa la ajabu kiasi kwamba lingesimuliwa na mtu asiyejulikana lisingesadikiwa: mashua mbili za injini, zilizopewa majina ya mzaha ya Mimi na Toutou, zilisafirishwa kutoka Uingereza hadi Cape Town, zikapandishwa garimoshi, zikakokotwa msituni kwa mitambo ya mvuke na mafahali, zikateremshwa mtoni, mpaka zikaelea ziwani. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka meli ndogo ya Kijerumani, Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 Waingereza wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Ilibaki ile kubwa, Graf von Götzen, iliyojengwa Papenburg huko Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, na kuungwa upya Kigoma. Ndege za Wabelgiji zenye kutua majini ziliishambulia bandari kwa mabomu. Na Wajerumani, walipoona reli nyuma yao inaelekea kukatwa, walizipaka mashine za meli mafuta mazito zisishikwe na kutu, wakaizamisha kwa mikono yao tarehe 26 Julai 1916. Siku mbili baadaye Wabelgiji na askari wao wa Kongo waliingia Kigoma, na tarehe 19 Septemba wakashika Tabora.

Kwa hesabu ya siku ile, hapakuwa na ushindi safi kuliko huo. Lakini jeshi lililoingia kumfukuza Mjerumani halikuondoka pamoja naye. Wabelgiji walikaa Kigoma mpaka Machi 1921, na walipoirudisha kwa Waingereza walikuwa wamekwisha kulipwa kwa sarafu kubwa zaidi, kwa kuwa mapatano ya 1919 yaliwaachia Rwanda na Urundi. Na fauka ya hayo walipewa, kwa mkataba wa Machi 1921, sehemu yao wenyewe ya bandari katika Dar es Salaam na Kigoma kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Faranga moja! Mchuuzi wa mawese sokoni Ujiji alilipa ushuru uliozidi huo. Wapagazi waliobeba baruti na unga wa jeshi hilo kutoka Kongo, waliokuwa maelfu kwa maelfu, na waliozikwa kando ya njia pasipo alama, hawakutajwa katika mkataba wowote.

Kilichofuata ni mambo ya taratibu, yasiyo na mshindo wa mizinga, na kwa sababu hiyo ni rahisi kusahauliwa kwamba chanzo chake ni vita. Utawala wa Kibelgiji katika Rwanda na Burundi ulichukua tofauti zilizokuwapo kati ya Wahutu na Watutsi, ukazikaza, ukazipa daraja, na katika miaka ya 1930 huko Rwanda ukaziandika katika vitambulisho, hata hali ambayo mtu aliweza zamani kuivuka kwa mali au kwa ndoa ikawa muhuri asiouweza kuufuta. Mwambao huu ukaanza kupokea natija zake: Wanyarwanda baada ya 1959, Warundi kwa makumi ya maelfu mwaka 1972, Warundi tena 1993, na Warundi tena 2015. Hatusemi kwamba askari aliyeingia Kigoma Julai 1916 alibeba maafa hayo mkobani mwake. Baina yake na hayo wamepita watawala wengi, weupe na weusi, na kila mmoja alikuwa na hiari yake na dhamana yake. Tunasema tu kwamba afisa aliyeandika Brussels, mwaka 1916, kwamba kazi imekwisha, aliandika mapema mno.

Graf von Götzen, meli ile iliyozamishwa na wenyewe, ni shahidi wa pekee wa mambo haya, kwa kuwa ndiyo peke yake iliyoyaona yote. Wabelgiji waliiopoa, ikazama tena. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, wakakuta mafuta ya mafundi wa Kijerumani yamefanya kazi yake na mashine ni nzima, na mwezi Mei 1927 ikaanza kusafiri kwa jina la Liemba. Chombo kilichoundwa ili kulitiisha ziwa kikawa cha kubeba abiria, mahindi, dagaa na mananasi kutoka Kigoma hadi Mpulungu nchini Zambia, kikisimama mbele ya vijiji visivyo na gati, ambako mashua za mbao zilikuja kukizunguka, na akina mama walipandishwa kwa kuvutwa mikono huku watoto wakirushwa juu kama mizigo. Mwaka 1997, Liemba ilifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira kwa muda wa miezi mitano, ikiwarejesha kwao wakimbizi wa Kikongo zaidi ya 75,000. Mei 2015 iliitwa tena, safari hii Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji karibu na mpaka wa Burundi, ambako makumi ya maelfu ya Warundi walikuwa wamejazana ufuoni bila vyoo wala maji safi hata kipindupindu kikaingia na kuua watu zaidi ya 30. Ikawachukua mia sita kwa mia sita, wakiletwa kwa mashua ndogo hadi ubavuni mwake, na kuwashusha Kigoma, ambako waliwekwa uwanjani kwanza kisha wakapelekwa kambi ya Nyarugusu.

Turejee 1965, maana hapo ndipo mambo yamekusanyika kwa wingi. Ni dhuluma kumhukumu Mkuba pasipo kumhukumu aliyemkabili, kwa kuwa Kongo haikuingiliwa na mkono mmoja. Patrice Lumumba alikuwa ameuawa Januari 1961, kwa mikono ya Wakongo na ya Wabelgiji pia. Waasi walioitwa Simba walikuwa wameshika nusu ya mashariki yote mwaka 1964, Albertville, ambayo ni Kalemie ya leo, ikiwamo. Na serikali ya Moise Tshombe ilikuwa imewaajiri mamluki weupe wakiongozwa na Mike Hoare. Tarehe 24 Novemba 1964 askari wa miavuli wa Ubelgiji waliteremka Stanleyville kutoka ndege za Marekani, kwa hoja ya kuwaokoa mateka walioshikwa na Simba. Waliwaokoa wengi, wengine wakauawa, na mji ukawa mikononi mwa serikali, ambayo bila shaka ilikuwa sehemu ya shabaha. Marubani waliopiga mabomu vijiji vya Fizi na Baraka hawakuwa Wakongo wala Wamarekani, bali aghalabu walikuwa Wakuba waliokimbia serikali ya Fidel Castro na kulipwa na shirika la ujasusi la Marekani. Na wenzao walipewa boti za kasi kufanya doria ziwani. Kwa hiyo katika mwaka ule mvuvi wa Kigoma aliyetoka na karabai yake usiku aliweza kupishana na Wakuba wa pande mbili, waliosafiri nusu ya dunia ili kumalizia ugomvi wao katika maji yake.

Serikali ya Tanzania ilijua na iliridhia. Nchi ilikuwa imejitawala punde, na Mwalimu Nyerere aliona kwamba kuwaachia mamluki Kongo ni kuwakaribisha hadi kizingitini. Hivyo silaha zilipita Dar es Salaam, zikaja kwa reli na barabara, na Kigoma ikawa ghala na maskani ya nyuma ya vita. Hapo ndipo palipokuwa na dosari ya kwanza, ambayo Che aliiona mapema na kuilalamikia sana: viongozi na wapiganaji walipenda mno kuvuka kuja Kigoma, kwenye vilabu vya pombe na wanawake wa kulipwa, na wakishafika hawakuwa na haraka ya kurudi. Laurent Kabila, kiongozi wa upande ule wa vita, alikuwa akingojwa Kibamba majuma mengi. Alipokuja mwezi Julai alikaa siku chache tu, akaondoka tena. Leonard Mitoudidi, kiongozi mwingine ambaye Wakuba walimwekea matumaini kwa bidii na nidhamu yake, alianguka majini mwezi Juni, akafa maji si mbali na kambi.

Kambini penyewe, mambo yalikwenda kwa namna ambayo hakuna kitabu cha vita kilichoyatazamia. Chakula na risasi zilipaswa kupandishwa mlimani kwa mabega, na wapiganaji wenyeji walipoambiwa wabebe walijibu kwamba wao si malori. Baadaye, walipowaona wageni wakibeba, wakajibu kwamba wao si Wakuba. Handaki hawakutaka kulala ndani yake, kwa kuwa shimo ni la maiti. Waliamini dawa ya mganga inayogeuza risasi kuwa maji, mradi mtu asiguse kisichokuwa chake, asiguse mwanamke, na asiogope. Na kwa sharti hili la mwisho dawa haikuweza kushindwa kamwe, kwa maana kila aliyepigwa alikuwa ameogopa. Tarehe 29 Juni waliushambulia mji wa Bendera, penye mitambo ya umeme wa maji, wakiwa Wakuba, Wakongo na Wanyarwanda waliokimbia kwao. Shambulio likavunjika, Wakuba wanne wakauawa, na karatasi zilizookotwa kwenye maiti zikawafunulia adui kwamba Kuba imo vitani. Mwisho wa Septemba mamluki wa Hoare walishuka kwa maji Baraka, wakaishika, kisha Fizi.

Ajabu ni kwamba pigo la kumaliza halikutoka kwa bunduki. Mwezi Oktoba Rais Kasavubu alimfukuza Tshombe, akaenda Accra kwenye mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, akaahidi kuwarudisha mamluki makwao; na Tanzania, ikiona sababu ya uingiliaji imeondoka au angalau imefunikwa kwa heshima, ikawaarifu Wakuba kwamba wakati wa kuondoka umefika. Usiku wa tarehe 20 kuamkia 21 Novemba 1965 mashua zilikuja. Hazikutosha. Wakongo waliokuwa wamepigana bega kwa bega na wageni walitaka kuondoka nao, wengine wakisihi, na nafasi ilipojaa wakaachwa ufuoni, ilhali wakijua vema nani atakayefika baada ya mashua kuondoka. Uingiliaji wowote una saa kama ile, na huandikwa kwa ufupi mno katika taarifa za majeshi: saa ambapo mgeni ana mahali pa kurudi na mwenyeji hana.

Juma halijapita, Mobutu akatwaa madaraka Kongo. Marekani na Ubelgiji zilipata zilichokitafuta: nchi moja, mtawala mmoja, madini yanatoka, Mrusi hayumo. Aliyepiga hesabu Desemba 1965 angesema uingiliaji wa upande huu umefaulu bila waa, na ule wa Kuba umefeli bila udhuru. Na miaka kumi au ishirini baadaye wengi waliendelea kusema hivyo. Lakini yule aliyefaulu alitawala miaka 32, akaila nchi mpaka kwenye mfupa, barabara zikarudi msitu na jeshi likaishi kwa kunyang'anya. Na siku alipoondoka, hapakuwa na dola la kurithiwa, palikuwa na jina la dola. Vurugu zilizoikumba Kongo tangu hapo zinalalamikiwa kila siku kana kwamba zilishuka kutoka mawinguni, ilhali sehemu yake kubwa ni malipo ya ushindi wa 1965.

Na Kabila? Huyu hakuondoka. Mwaka 1967 alianzisha chama chake, akajichimbia katika milima ya Fizi mahali palipoitwa Hewa Bora, akaishi kwa dhahabu na pembe za ndovu zilizovuka ziwa kwa siri. Watu wa Kigoma walikumbushwa kuwapo kwake kwa namna ya kutisha mwezi Mei 1975, pale watu wake wenye silaha walipovuka usiku, wakashuka Gombe, kwenye kituo cha Jane Goodall cha kuchunguza sokwe, na kuwachukua mateka watafiti vijana wanne wa kigeni, walioachiliwa baadaye kwa fidia. Bunduki zilizopita Kigoma kwenda magharibi mwaka 1965 zilikuwa zimezaa bunduki zinazokuja mashariki. Lakini mwaka 1996 Kabila huyo huyo, ambaye dunia ilikwisha kumsahau, alitokea akiwa msemaji kisha kiongozi wa muungano uliopewa nguvu na majeshi ya Rwanda na Uganda. Uvira ikaanguka Oktoba, na tarehe 17 Mei 1997 Kinshasa ikaanguka. Wapo waliosema wakati ule, hata katika mabaraza ya kahawa ya Ujiji ambako wajukuu wa Wamanyema hawajaacha kuhesabu Kongo kuwa kwa babu zao, kwamba mbegu ya Che imeota. Furaha hiyo ilidumu miezi kumi na minne. Agosti 1998 Kabila aligombana na waliomweka kitini; Rwanda na Uganda zikaingia dhidi yake, Angola, Zimbabwe na Namibia zikaingia upande wake; na Januari 2001 akauawa kwa risasi ya mlinzi wake mwenyewe, akimwachia kiti mwanawe Joseph, aliyelelewa Tanzania.

Katika kipindi hicho mwambao ulifanya kazi yake ya siku zote. Kuanzia Oktoba 1996 mitumbwi na mashua kutoka Uvira, Baraka na Fizi zilifika Kigoma zimejaa mpaka ukingoni; Novemba kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa wilayani Kasulu, na mwaka uliofuata kambi ya Lugufu. Wale ambao Liemba iliwarejesha 1997, kwa kuwa amani imekuja, wengine walirudi tena 1998, kwa kuwa amani imeondoka.

Msomaji Mtanzania asistarehe akidhani kwamba haya ni ya Wabelgiji, Wamarekani na Wakuba. Sisi nasi tumevuka mpaka kwa silaha. Idi Amin wa Uganda alipoivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, tukamtoa, na hatukukoma mpakani. Jeshi letu likaingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Haki ya kujilinda ilikuwa wazi, na Waganda walishangilia barabarani. Hata hivyo katika mkutano wa wakuu wa Afrika mjini Monrovia mwezi Julai tulilaumiwa na wakubwa wenzetu, ambao hawakuwa wamefungua kinywa Amin alipokuwa akiua. Gharama inakadiriwa kuwa dola milioni 500 za Marekani, na uchumi wetu haukupona kwa miaka mingi. Hapana Mtanzania mwenye akili timamu anayetamani Amin angalibaki.

Lakini tufuate uzi mpaka unakokwenda. Uganda baada ya Amin haikupata utulivu: marais wawili walipita katika muda wa mwaka mmoja na kitu, Milton Obote akarudi kwa uchaguzi wa Desemba 1980 uliotiliwa shaka, vita vya Luwero vikaua watu wengi kabla ya Museveni kuingia Kampala Januari 1986. Miongoni mwa vijana waliopigana pamoja na Museveni tangu kampeni ile ya 1979 alikuwamo Fred Rwigyema, Mnyarwanda, mwana wa wakimbizi; yeye ndiye aliyeliongoza jeshi la Wanyarwanda lililovuka kuingia Rwanda tarehe 1 Oktoba 1990. Kutoka hapo njia inakwenda hadi mauaji ya kimbari ya 1994, na kutoka 1994 hadi kambi za Kivu zilizojaa wauaji na wasio na hatia pamoja, na kutoka kambi hizo hadi vita vya 1996, na kutoka vita hivyo hadi mitumbwi ya Kigoma. Je, tuseme basi kwamba aliyekomboa Kampala aliijaza Nyarugusu? La hasha. Uzi ni mrefu, na katika kila fundo kuna mtu aliyeweza kulifunga kwa namna nyingine akakataa. Tofauti baina ya kilicholetwa na uingiliaji na kilichotokea baada yake ndiyo jambo gumu kuliko yote katika mizani hii, na mwandishi anayekwambia ameipata kwa uhakika anakuuzia kitu. Walakini tunachoweza kukidai kwa haki ni hiki: Tanzania ilipofika Kampala ilikuwa na tadbiri nzuri ya vita, na tadbiri hafifu ya asubuhi inayofuata, na upungufu huo ulikuwa wetu, si wa Obote wala wa Museveni.

Na ole wake atakayetoa katika hayo fatwa kwamba heri kila mtu akae kwake. Dunia ilikaa kwake Aprili 1994. Baraza la Usalama lililipunguza jeshi la Umoja wa Mataifa huko Rwanda hadi askari 270, mauaji yakiwa yamepamba moto; na siku saba baadaye watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja na usiku wake. Kutokuingilia nako kuna hatima ya muda mrefu, ila tu hakuna jenerali wa kuulizwa juu yake.

Jaribio la karibuni lilijengwa na watu walioyajua hayo yote, au waliopaswa kuyajua. Waasi wa M23 walipoutwaa mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, Novemba 2012 na majeshi ya Umoja wa Mataifa yakitazama, Baraza la Usalama liliunda, kwa azimio la Machi 2013, kikosi chenye ruhusa ya kushambulia, cha askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, chini ya Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania. Kabla mwaka haujaisha M23 ilikuwa imevunjwa. Katika mizani ya Novemba 2013 hapakuwa na kasoro. Tulipongezwa, na tulistahili. Desemba 2017 waasi wengine, wa ADF, walikivamia kituo cha Semuliki wakaua wanajeshi 14 wa Tanzania kwa usiku mmoja. Mwisho wa 2021 M23 ikaibuka upya, na serikali nyingi pamoja na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakasema Rwanda iko nyuma yake, jambo ambalo Rwanda imelikanusha. Desemba 2023 Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika ikatuma jeshi, Watanzania wakiwamo. Januari 2025 Goma ikaanguka mara ya pili, na Machi viongozi wa Jumuiya wakaamua majeshi yao yarudi.

Kwa rai yetu, askari wa 2013 hawakufeli. Walipewa kazi ya kuvunja jeshi la waasi, wakalivunja, na hilo ndilo lililo katika uwezo wa bunduki. Kilichofeli ni yale waliyoahidiana wanasiasa nyuma yao: wapiganaji walionyang'anywa silaha waliachwa makambini Uganda na Rwanda miaka mingi pasipo mapatano kutekelezwa, jeshi la Kongo halikujengwa, na majirani hawakushurutishwa na mtu. Kwa hiyo mtu akitaka kujua kama uingiliaji ule ulikuwa wa kheri au wa shari, asiulize makao makuu ya jeshi, Dar es Salaam wala New York, ambako taarifa za 2013 zimehifadhiwa vizuri. Aulize katika ofisi ya uandikishaji ya Nyarugusu, ambako kambi iliyofunguliwa Novemba 1996 kwa ajili ya watu wa Kivu ya Kusini bado ina Wakongo, na waliozaliwa humo wamekwisha kuwa wazazi.